Mboga Chini ya Vioo, Uccle

Jumapili moja ya Septemba 1996 nilipiga magoti katika kipande cha bustani nilichokodi Uccle, pembeni mwa Brussels, nikigongomea sanduku la mbao lisilo na kitako. Juu yake nililaza dirisha kuukuu lililotupwa na mafundi. Wabelgiji huliita châssis. Jua huingia, joto hubaki, na sipinachi huendelea kuota wakati bustani nyingine zimelala.

Jioni nilimpigia simu mke wangu, Maman Joseline, huko Bukavu. Visa yake ilikuwa imetoka. Nilimsimulia habari za sanduku, kisha nikamwambia asubiri.

“Baridi ya huku itakuvunja. Utakuya printemps, baridi ikiisha.”

Alicheka. “Alors, Papa Joseline, mboga unaifunika na vioo, miye unaniacha inje? Nyumba yako haina chauffage ya kuipasha moto?”

“Ngoja kidogo tu.”

“Bon. Basi salimia mboga.”

Alingoja.

Oktoba vita vikafika Bukavu. Nilimpata kwenye simu mara moja tu. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio kama wa mabati yanayogongwa.

“Ni masasi? Wanapiga bunduki?”

“Ni masasi. Tuko chini ya meza na jirani.”

“Musitoke.”

“Nyamaza. Wanapita.”



Nikasikia buti kwenye changarawe.

Mlango.

Simu ikakatika.

Jirani yule alifika Brussels mwaka uliofuata, akatueleza mimi na binti yangu, niliyekuwa nikiishi naye. Walifukuzwa nyumbani, wakaingia msituni kwa miguu kuelekea Kisangani. Malaria ilimshika mke wangu njiani. Dawa hazikuwapo. Walimzika kando ya njia na kuendelea kutembea, kwa sababu milio ilikuwa inakaribia.

Watu walijaa kwenye nyumba yetu karibu na barabara ya Chaussée de Wavre kutupa pole. Mmoja akasema, “Papa, ni mapenzi ya Mungu.”

“Hapana,” nikamjibu. “Mungu hakushika bunduki. Na si yeye aliyemwambia angoje. Ni miye.”



Binti yangu Joseline aliniambia, “Papa, acha hiyo bustani.”

“Siachi.”

Sikuacha. Vita vilikuwa vimechukua vya kutosha. Sikuwa tayari kuvipa na mikono yangu. Nilipanda tena. Mchana wa jua niliinua vioo kidogo ili majani yasiungue, jioni nikavifunika kwa magunia. Majirani wa bustani walipofunga vibanda vyao na kuniambia msimu umekwisha, niliwaambia wao wamemaliza, si mimi.

Januari ilianguka theluji. Nikaifagia, nikainua kioo, nikakata sipinachi ya kijani kabisa na kumpelekea Joseline nyumbani. Aliipika na mafuta ya mawese.

“Iko muzuri,” alisema kwa hasira.

Tulikula yote. Baridi niliyomwogopea mama yake haikuwa imeua hata jani.

Joseline alipokwisha kuosha sahani, aliniuliza mama yake, kama angekuja, angelala wapi katika nyumba hii. Nikamwonyesha upande wa kitanda changu ulio karibu na ukuta. Mpaka leo silali huko.