Maharage ya Mama Espe

Harufu ya majani makavu ya migomba yaliyokolea moshi hunirudisha Munanila, kijijini kwetu karibu na mpaka wa Burundi, katika jiko la bibi yangu, ambako mbegu za maharage zilifungwa kwa majani hayo na kuning'inizwa juu ya mafiga ili wadudu wasizifikie. Kila mwanamke alikuwa na kifurushi chake. Kimoja kilikuwa cha Mama Espe, Mrundi aliyelima nasi tangu kabla sijazaliwa. Binti yake, Espe, alikuwa rika langu, na mara nyingi tulilala mkeka mmoja. Nilipokuwa darasa la nne, wageni wasio na vibali waliamriwa warudi kwao. Lori lilifika asubuhi, umande haujakauka. Mama Espe hakulia. Alimwambia bibi, "Mama, mbegu zangu usizichanganye na zako. Zako zinachelewa kuiva, mwenyewe unajua." Bibi alicheka huku akifuta macho. "Hata leo unanitukana? Nenda, utazikuta."

Ahadi hiyo nilikaribia kuivunja mimi. Siku moja bibi akiwa shambani, nilikuta mboga imekwisha, nikashusha kifurushi kilichokuwa karibu, bila kuangalia ni cha nani, na kukimimina chunguni. Bibi aliporudi, alitazama darini kabla ya kufunua chungu. Zilikuwa zimesalia punje za kujaza kiganja tu, zile nilizozimwaga sakafuni. Hakunipiga. Alinipa jembe. Jirani yetu, Mzee Bukuru, alinikuta nikizipalilia nyuma ya nyumba, akamwita bibi. "Shemeji, mnamlimia mtu aliyekwisha kuondoka? Kuleni tu!"

"Aliyeondoka ni yeye. Mbegu zake zipo."

"Basi na akili yako waliipakia kwenye lile lori."

"Yangu walau ilipata nafasi," bibi akajibu. "Yako nani angeibeba?"

Bibi alipofariki, kazi hiyo ikawa yangu. Nimekuwa mwalimu Kasulu, nimesoma chuo, lakini sikuruka msimu hata mmoja. Wala sikuuruka mwaka 2013, malori yalipopita tena vijijini na watu wakaogopa kulitaja hadharani jina la jirani Mrundi. Mwaka huu wa 2015 watu wamevuka mpaka tena, safari hii wakikimbia. Mwezi uliopita mwanamke alisimama mlangoni pangu, miguu imejaa vumbi, akasema kabla ya salamu, "Mbegu za mama hamjazichanganya na zenu zinazochelewa kuiva?"

Alikuwa Espe. Mama yake alifia ng'ambo ya mpaka, akiamini maharage yake yako hai. Zamani neno la bibi lilitosha kumtambulisha mtu kwa kijiji kizima. Leo Espe huulizwa karatasi kila kizuizi, na karatasi aliyopewa inamwita mgeni. Nilinyoosha mkono darini nikamkabidhi kifurushi. Alikinusa kwa muda mrefu, akakifungua, akanimiminia nusu katika upande wa khanga yangu.

"Hizi panda wewe," akasema. "Zangu nitapanda mwenyewe. Udongo wa kwetu huu, naujua."