Santuri ya Ukungu na Mawe Yaliyochoka

Sisi tuliokulia Mlandege, Iringa, miaka ya sabini, tukizungumzia baridi, vijana wavae majaketi yao wanyamaze. Mwezi wa saba ukungu ulikuwa unaingia mpaka jikoni, nasi tumebanana kwenye jiko la mkaa tukimenya viazi vya moto kwa vidole vyenye ganzi. Katika baridi hiyo ndipo kaka yangu Yoramu alipoleta nyumbani santuri ya bendi yao, waliyosafiri mbali kwenda kuirekodi.

Bendi iliitwa Ukungu. Walikuwa vijana wanne wa kwaya ya kanisani walioazima magitaa ya umeme, wakavaa suruali za bugaluu zilizofagia vumbi lote la sokoni. Waliojiona wajanja walipenda rumba. Hawa na magitaa yao ya kukwaruza wakaitwa wazungu wa kuchovya. Baba alitaka Yoramu akalime viazi Kilolo, ila alikubali kusikiliza kwanza. Santuri ikimridhisha, kaka angebaki na bendi.

Majirani walijaa sebuleni, mama akapitisha chai ya tangawizi. Tatizo lilikuwa mawe, yaani betri za gramafoni yetu. Yakichoka tuliyaanika juani yapate nguvu, lakini jua lenyewe tulikuwa tumelisahau, na madukani mapya hayakuwepo. Santuri ikazunguka kwa kujivuta. Sauti ya Yoramu, nyembamba na tamu, ikatoka nzito kama ya mzee mwenye kikohozi. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Kaka alijaribu kueleza habari za mawe, lakini nani alimsikiliza?

Baba alingoja upande wa kwanza uishe, kwa adabu kabisa, halafu akasema, "Mwanangu, umesafiri mbali kote huko kwenda kuomboleza? Nenda Kilolo. Viazi havichagui sauti."

Yoramu akaenda, na bendi haikuchukua muda ikafa. Siku chache baadaye jua lilichomoza, mama akaanika mawe juu ya bati, akaipiga ile santuri. Tulishangaa. Gitaa zito lilitembea, ngoma ikalifuata, na juu yake sauti tatu zikapandana vile kwaya inavyoimba asubuhi ya Pasaka. Baba alikuwa uani. Alisimama na jembe lake mpaka wimbo ukaisha, kisha akaendelea kulima. Neno lake lilikuwa limeshatoka, na enzi zile neno la baba halikuwa na njia ya kurudi. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nasema bila woga: ile ni santuri nzuri. Nyimbo mbili za upande wa pili ni dhaifu, sikatai, lakini zilizobaki zinashinda nyingi mlizozicheza mkavunja viatu. Mtaa mzima tuliwahukumu wale vijana kwa makosa ya betri.

Juzi nilikwenda Kilolo na mjukuu wangu, nyimbo zile zikiwa kwenye simu yake. Yoramu, mzee sasa, alifumba macho akaanza kufuatisha sauti yake ya ujana.

"Kumbe hatukuwa wabaya," akaniambia taratibu.

Kabla sijamjibu, mjukuu alikuwa ameshahamia wimbo mwingine. Enzi zetu tulikuwa na subira, tukakosa mawe. Hawa simu zao zimejaa chaji, na wimbo haufiki ubeti wa pili. Nikamnyang'anya simu, nikaurudisha mwanzo.