Land Rover ya Josho

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta gari likifanya kazi huku limesimama. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, nami nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo na sanduku la bati na suruali moja ya heshima, ambayo ndiyo niliyokuwa nimeivaa. Nilipofika kwenye josho la Itaka nikaona Land Rover ya idara imewekewa mawe kwenye magurudumu, inanguruma yenyewe, dereva hayumo. Nyuma yake ilitokeza puli, yaani gurudumu la chuma lisilo na tairi, na kutoka kwenye puli mkanda mrefu bapa ulikwenda mpaka kwenye pampu ya maji. Maji yalipanda kutoka mtoni, yakajaza josho. Josho, kwa ninyi ambao hamkuyakuta, ni mfereji wa zege uliojaa maji yenye dawa ya kupe. Ng'ombe anarukia upande huu, anaogelea, anatokea upande wa pili amenuna. Mimi nilikulia kijiji ambacho magari yalipita tu bila kusimama, kwa hiyo sikujua kama gari nalo linaweza kufungwa kazi kama maksai.

Bwana Mifugo wa Wilaya, mkubwa wangu wa kwanza, alikuwa mtu mfupi wa koti la kaki, sauti yake ndogo, na watu walinyamaza ili waisikie. Alizima injini kuongeza dizeli, akaniambia niangalie pampu, akaenda kuzungumza na wafugaji. Nikaangalia. Nikaona mkanda umejikata katikati kama namba nane, upande wa juu umekwenda chini. Nikasema moyoni, siku ya kwanza hii, acha mkubwa ajue kwamba ameletewa mtu anayejiongeza. Nikauvua, nikaunyoosha, nikaurudisha. Alipowasha, pampu ikazunguka vizuri tu, lakini hata tone la maji halikupanda. Akaja. Akautazama mkanda, kisha akanitazama mimi.

"Nani ameunyoosha?"

"Mimi, mzee. Ulikuwa umepinda."

"Ulikuwa umepindishwa," alisema. "Bwana mdogo, kitu ukikikuta kimepinda, uliza kwanza aliyekipinda alitaka nini."

Basi, akaupinda tena kwa mikono yake, maji yakapanda. Kwa nini yalipanda, hakunieleza, na wakubwa wa enzi zile hukuwauliza mara mbili. Mwaka uliofuata josho likaletewa pampu yenye injini yake, puli ikafunguliwa kwenye gari, nami nikabaki na swali langu kichwani.

Nilizunguka na Land Rover ile miaka mingi. Tulishuka nayo bonde la Momba, kule kwa wafugaji waliohamia na makundi makubwa, tukichanja ndama huku jua likitukaanga. Ofisa Mifugo wa Tarafa, mkubwa wangu wa pili, aliogopa mito kuliko simba. Kila tukifika kwenye kivuko alishuka, akavua viatu, akavuka kwa miguu mbele ya gari ili apime kina, kisha akapanda tena amelowa mpaka kiunoni. Injini ya gari lile ilikuwa na mlio wake: iliponguruma taratibu ilikohoa kidogo kila baada ya muda, kama mzee anayetaka kusema jambo halafu anaghairi. Fundi wa idara aliitafuta sababu hakuipata. Nikasinzia kwa kikohozi kile, nikaamka nacho.

Kisha mambo yakabadilika. Serikali ikasema mfugaji atajinunulia dawa mwenyewe, majosho mengi yakakauka na kuota nyasi. Magari ya idara yakawa hayana mafuta, baadaye yakawa hayana vipuri, mwishowe yakatangazwa kwamba ni mabovu na yatapigwa mnada. Wakati huo nilikuwa Tunduma, mpakani, nakagua vibali vya mifugo na ngozi zinazovuka. Niliposikia Land Rover ya josho imo mnadani, nilikwenda. Kulikuwa na bodi, chesisi, usukani na giaboksi. Milango, viti, magurudumu na injini vilishauzwa kimoja kimoja. Nikainunua hivyo hivyo, nikaipakia kwenye tela la trekta mpaka nyumbani kwangu Mpemba, barabara ya Isongole inapoanzia.

Mke wangu alisimama mlangoni akaizunguka kwa macho.

"Baba Sekela," alisema, "wenzako wananunua magari. Wewe umenunua pengo."

Sikuwa fundi. Nilikuwa bwana mifugo, najua tumbo la ng'ombe kuliko tumbo la injini. Lakini jambo moja lilinishika na halikuniachia: gari hili limekwenda wapi? Maana halikufa, liligawanywa. Nilitaka kujua kila kipande kinaishi wapi na kinafanya nini, na kama vitu vilivyotawanyika namna ile vinaweza kukusanywa vikawa kimoja tena. Jioni baada ya kazi, na Jumamosi, nikawa mtu wa kulala chini ya chesisi. Chesisi ndiyo mifupa ya gari, na mvua za Mbozi zilikuwa zimeitafuna. Ilibidi fundi wa kuchomelea matela ya ng'ombe aje aiwekee viraka. Bodi ni ya aluminiamu, haishiki kutu, ila haikubali kuchomelewa hovyo. Unaikaza kwa riveti, vijipini vya kugongwa vikapanuka vichwa pande zote mbili. Nilijifunza kwa kuharibu. Vipuri niliviosha kwa mafuta ya taa kwenye beseni la kufulia, mpaka mke wangu akaandika jina langu kwenye beseni hilo na kununua jingine.

Vipande vyenyewe nilivipata kwa kuuliza uliza kila kituo nilichopelekwa. Kiti cha mbele kilikuwa kwenye kilabu cha pombe Vwawa, wazee wakikigombea. Mlango wa kulia nilichelewa: mfua sufuria alishauyeyusha, akanionyesha kwa fahari sufuria iliyotokana nao. Nikainunua ile sufuria, na mpaka leo wali wa sikukuu unapikwa humo. Mpira wa maji ya rejeta nilivuka kuutafuta Nakonde, upande wa Zambia, na muuza vipuri akautazama ule wa zamani nilioshika kwa huruma kabisa.

"Bashikulu, mukwai," aliniambia, akiniita babu kwa heshima ya kwao, "gari hili limezaliwa kabla ya mimi. Weka injini ya Toyota, upumzike."

Mafundi wote wa Tunduma walisema hivyo hivyo. Ingekuwa kazi ya wiki moja. Lakini gari la josho lenye moyo wa Toyota lisingekuwa lile nililolikuta Itaka, na mimi nilikuwa nalitafuta lile.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Ileje. Siku moja nilikwenda Ikinga kuchanja mbwa, nikiwa nimeshika mguu wa mbwa mkali, nikasikia mashine ya kusaga inaunguruma ng'ambo ya korongo. Ikakohoa kidogo. Ikaendelea. Ikakohoa tena. Nilimwachia mbwa, naye akaniacha na alama ambayo bado ninayo.

Injini ilikuwa imefungwa juu ya zege ndani ya kibanda cha mabati, imepakwa vumbi la unga mpaka imekuwa nyeupe. Namba iliyogongwa ubavuni ilikuwa ile ile ya kwenye kibati cha gari langu. Mwenye mashine aliitwa Mama Tumaini, mjane, mwanamke mrefu wa maneno machache. Mumewe ndiye aliyeinunua kihalali na kuigeuza ya kusagia. Nilimweleza habari yote. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifunga mdomo wa kiroba. Nikamwambia nitamletea injini nyingine, mpya, bado ipo kwenye boksi.

"Mpya nimeziona," alisema. "Zinasaga msimu mmoja, msimu wa pili mwenyewe anauza mashine. Hii naipiga hendeli mimi mwenyewe, inawaka. Bwana Mifugo, kabla ya hii, wanawake hawa walipanda mlima na debe kichwani, na mimba tumboni, kwenda kusaga. Ukiichukua, hayo madebe utawabebea wewe?"

Nilirudi nyumbani bila injini na nilihuzunika kweli kweli, maana alikuwa na haki, na mtu akikunyima akiwa na haki huna hata pa kukasirikia. Gari likakaa bandani limekamilika kila kitu isipokuwa moyo. Mke wangu akaanza kuanika mahindi juu ya boneti.

Nilipelekwa Itaka kwa semina ya siku moja. Tulikuwa tumekaa kwenye darasa la shule jirani na josho la zamani, mwezeshaji anaongea, kengele ikagongwa. Ilikuwa na sauti nene isiyo ya ringi ya gurudumu kama kengele nyingine za shule. Nikachungulia dirishani. Kwenye tawi la mti ilining'inia puli. Puli yetu, ile ya siku ya kwanza, ina pengo dogo pale ilipogongwa na nyundo mbele ya macho yangu siku ilipofunguliwa kwenye gari. Semina ile sikumbuki ilihusu nini. Nilimwomba mwalimu mkuu, nikamletea ringi ya lori badala yake, naye akakubali, ingawa alisema watoto sasa watachelewa kwa sababu hawaijui sauti mpya.

Nikarudi Ikinga. Nilimwambia Mama Tumaini kwamba injini si lazima ikae juu ya zege ndipo isage. Gari likiwa na injini yake na puli yake, litakuja lenyewe siku za kusaga, litasimama hapa, litaisukuma mashine kwa mkanda, kisha litakwenda zake.

"Gari linalosaga sijaliona," alisema.

"Mimi nimeliona likichota maji."

Akatoa masharti. Nichukue injini miezi ile ambayo mahindi yameisha majumbani na mashine inalala. Mahindi mapya yakivunwa, nije niijaribu mbele ya watu. Ikisaga, basi siku ya gulio na kila Jumamosi gari ni la Ikinga, siku nyingine ni langu. Ikishindwa, injini inarudi kwenye zege lake siku hiyo hiyo, na nisiitaje tena mbele yake. Tulipeana mikono.

Sijawahi kufanya kazi kama miezi ile. Niliibadilishia ringi za pistoni, zile pete zinazozuia nguvu isivuje, na gasketi, na nozeli zinazopuliza dizeli kama ukungu. Ilipowaka bandani kwangu na kukohoa, mke wangu alitoka jikoni, akasimama, akasema, "Kumbe ndiyo hii uliyokuwa unanisimulia." Kikohozi sikukigusa. Ningekiondoa, ningebaki na injini nisiyoijua.

Siku ya jaribio wanawake walikuwa wamepanga madebe mstari kutoka kibandani mpaka barabarani. Nilirudisha gari kinyumenyume, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikafunga mkanda sawasawa, nikawasha. Puli ikazunguka. Mashine ikaanza kuvuma. Mama Tumaini akamimina debe la kwanza kwenye mdomo wa mashine, tukasubiri. Unga haukupanda kwenye bomba. Mashine ilivuma tu, mahindi yakasongamana ndani, harufu ya mkanda unaoungua ikaanza kutoka. Mwanamke mmoja akatua debe lake chini akalikalia. Mama Tumaini aliutazama ule msingi wa zege uliobaki mtupu, akanitazama mimi.

Niliona aibu, na niliona hofu pia, maana nilikuwa nimeahidi mbele ya watu wote wale. Nikazima. Nikaizunguka mashine mara mbili. Ubavuni mwake kulikuwa na mshale mwekundu uliopigwa rangi na waliouza mashine, kuonyesha inatakiwa izunguke upande gani. Nikauangalia mshale. Nikaizungusha puli kwa mkono upande ule ule ilikozungushwa na injini, nikaona mashine inakwenda kinyume cha mshale. Injini ilipokuwa juu ya zege ilivuta kwa pua, yaani upande wake wa mbele. Sasa inavuta kwa mkia wa gari, nguvu inazunguka upande mwingine, na feni inayorusha unga ilikuwa inaupuliza kusikotakiwa.

Hapo nikacheka peke yangu, wanawake wakadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimekaa na swali lile maisha yangu yote ya kazi, na jibu lilikuwa namba nane. Mkanda ukinyooka, puli zote mbili zinazunguka upande mmoja. Ukiupinda, ya pili inageuka kinyume. Hicho ndicho alichotaka aliyeupinda.

Nikauvua mkanda, nikaupinda, nikaufunga. Nikawasha. Unga ukapanda kwenye bomba, ukatua kwenye kiroba mweupe na wa moto. Mama Tumaini aliuchota kwa vidole, akausugua, akauonja.

"Leteni debe linalofuata," aliwaambia wenzake.

Bwana Mifugo wa Wilaya alikwishafariki. Nilitamani sana awepo, si anisifu, bali nimwambie kwamba nimeuliza.

Siku yangu ya kustaafu ofisini kulikuwa na soda, hotuba, na saa ya ukutani. Walinisifu kwa mambo ambayo mengine sikuyafanya. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Niliamka mapema, nikaiosha Land Rover, nikazisugua taa mpaka zikang'aa, nikavaa shati la sherehe, maana nilitaka Ikinga wanione mstaafu na gari lake. Mke wangu akapanda kiti kile cha kilabu, na njiani kila tulipopita watu walisimama kutazama. Nikawa naendesha polepole makusudi ili watazame vizuri.

Tulipofika, madebe yalikuwa yamefika barabarani. Mama Tumaini alikuwa amesimama mlangoni na kiroba mkononi. Hakulitazama gari, wala taa, wala shati.

"Bwana Mifugo," alisema, "umechelewa."

Nikasikia raha ambayo hotuba zote za jana hazikunipa. Nikashuka, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikachukua mkanda, nikaupinda.