Spea wa Chumba cha Kufulia

Katika chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Spea, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mfanyakazi wa siku tatu tu: Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Siku nyingine zilikuwa za mama mkwe wake, aliyepooza upande mmoja na kuhitaji kugeuzwa, kulishwa na kuogeshwa. Siku za kazi, wifi yake ndiye aliyebaki na mgonjwa. Mpango ulikuwa umenyooka, isipokuwa mkataba wake ulikuwa na mstari mmoja chini kabisa: mfanyakazi wa muda atashika zamu ya mwenzake asiyefika, akiitwa.

Na kuitwa aliitwa. Simu ililia Alhamisi, ikalia Ijumaa, ikalia hata siku aliyokuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi.

"Mpiga pasi anaumwa tena," msimamizi alisema bila salamu. "Nakutaka hapa saa tatu."

"Bosi, leo siyo siku yangu."

"Soma mkataba wako. Au nitafute anayejua kusoma?"

Basi alikwenda, akakuta mashuka yamerundikana hadi dirishani, damu imekauka juu yake. Alifua na kupiga pasi huku akimlaani yule msichana mpiga pasi kimoyomoyo. Kwa miezi saba hakumsalimia.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. "Wao wamekufanya spea," wifi alimwambia, "na wewe umenifanya mimi spea yako. Mimi nina maisha yangu, wifi!" Ijumaa moja, Spea alipoitwa kazini, wifi aliondoka kweli. Spea aliporudi alasiri alimkuta mama mkwe amelalia ubavu uleule wa asubuhi, shuka limelowa, na mgongoni pamechubuka. Mama hakuweza kusema vizuri, ila alimtazama. Spea alimwosha akiwa amekaza meno.

Alhamisi iliyofuata alilipeleka blanketi zito la mama kwenye duka la dobi lililo nyuma ya posta. Msichana aliyekuwa akipiga pasi mashati alikuja kaunta, akaandika tikiti ya mzigo, tarehe na jina, bila kuinua macho. Alipoyainua, tikiti ilimponyoka mkononi.

"Kumbe ndivyo unavyoumwa!" Spea alisema.

"Dada, tafadhali." Midomo ya mpiga pasi ilikuwa imepauka. "Duka ni la mke wa bosi. Ameniambia nisipokuja huku, kule hospitalini sina kazi."

Hapohapo simu ya Spea ikalia.

"Mpiga pasi anaumwa," alisema msimamizi.

"Najua. Niko naye hapa dukani kwa mkeo. Nikupe uongee naye?"

Simu ilikatwa.

Jumatatu Spea aliingia ofisini kwa metroni, mkuu wa wauguzi, msimamizi akiwa amesimama pembeni na mikono kifuani. "Huyu mama ana chuki na watu," msimamizi alisema. Mpiga pasi aliitwa, akakana kila kitu huku akitazama sakafu. Spea akaiweka tikiti mezani. Metroni aliagiza daftari la mahudhurio, akaweka mwandiko wa tikiti kando ya ule wa mpiga pasi daftarini: ulikuwa mmoja, na siku ya tikiti alikuwa ameandikwa mgonjwa.

Msimamizi alihamishiwa stoo. Mpiga pasi alipewa barua ya onyo la mwisho.

"Na ule mstari wa mkataba?" Spea aliuliza.

"Uko palepale," metroni alijibu. "Wagonjwa hawawezi kulala bila mashuka."

Koridoni mpiga pasi alimsubiri. "Umefurahi sasa?" Spea alitaka kumwambia kwamba alikuwa amemchukia bure miezi yote ile. Lakini hakuhisi huruma, alihisi uchovu tu. Akampita. Tangu siku hiyo alipoingia chumbani mazungumzo yalikatika, na toroli la mashuka machafu zaidi lilisukumwa kwake bila neno.

Wiki mbili baadaye msimamizi mpya alipiga simu, Ijumaa asubuhi.

"Kuna mwenzako hajafika. Njoo."

"Nani, na ana tatizo gani?"

"Hilo halikuhusu."

"Basi na mimi siji," Spea alisema, akaiweka simu chini, akarudi kumgeuza mama mkwe. Alimgeuza taratibu, mto ukakaa sawa chini ya goti.

Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuongezwa. Barua ilikuwa ya mistari miwili, na hata jina lake walilikosea. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akampa wifi.

Wifi aliisoma, akaikunja. "Afadhali," alisema. "Sasa siku zote ni zako."

Akavaa viatu vyake akaenda zake, wala hakuaga.