Marufuku Kusema "Sina Mengi"

Dada yangu anafundisha wanafunzi wa sekondari kuongea. Kuongea! Nilimcheka sana: mtoto gani asiyejua kuongea? Mpaka siku aliposahau miwani yake nyumbani, nikampelekea darasani.

Mvulana mmoja alikuwa mbele, ametunisha kifua. "Ndugu zangu, mimi sina mengi ya kusema," akaanza, kama wakubwa wanaotuchosha mikutanoni saa nzima.

"Kama huna, kaa," dada akamkatiza. Darasa likaangua kicheko.

Akaitwa msichana ambaye wenzake humwita Kimya, kwa sababu hata jina lake likiitwa huitikia kwa kunyoosha kidole tu. Akasimama akivuta ncha ya sweta. Akafungua mdomo, akaufunga. Nilitaka kumsaidia, dada akanitolea macho. Darasa zima lilimngoja.

"Nina mengi," akasema.

Akatusimulia nyumba yao ilivyokuwa kabla baba yake hajaondoka, kwa sauti ndogo iliyonifikia mpaka mlangoni. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

Niliporudi, mama aliniuliza nimeona nini huko. Nami, domokaya mimi, nikakosa la kusema. Miwani ya dada bado ilikuwa mkononi mwangu.