Macho ya Mdogo Wangu Mahakamani

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, mtaa mzima ulimwita Darubini. Mke wa kinyozi akirudi kwao na begi, yeye alijua hadi rangi ya begi. Kazi hazikudumu naye, maana kila alipoajiriwa alishinda anatazama mambo ya wenzake. Akafika miaka hamsini analishwa na mkewe, fundi cherehani, na wifi yangu alishachoka.

Ndipo ikaja kampuni ya kutafuta mafuta chini ya bahari. Meli yao ilipiga mishindo majini kupima penye mafuta, na kwa kuwa mishindo hiyo huwaumiza wanyama wa baharini, sheria ilitaka awepo mtu wa kuangalia: pomboo au nyangumi akikaribia, mishindo isimame. Darubini akaipata kazi hiyo. Fulana ile ya kung'aa aliivaa hata msibani.

Siku ya kwanza aliona pomboo, akapiga kelele. Msimamizi akamwambia, "Mzee, tukisimama ni hasara. Ukiendelea kuonaona, tutatafuta mwingine."

Tangu hapo hakuona kitu. Mtu aliyeona begi la watu!

Pomboo waliokufa walipoanza kutupwa ufukweni, chama cha watunza bahari kikaishtaki kampuni, kikitaka mishindo ikomeshwe. Kampuni ikamleta shahidi wake: Darubini, ndani ya suti ya kuazima. Mimi dada mtu nilikaa safu ya mbele pamoja na wifi.

"Umeona pomboo wangapi?" akauliza wakili wa chama, binti mdogo tu.

"Hata mmoja."

"Miezi yote hiyo?"

"Bahari ni kubwa, mwanangu."

Binti akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, huyu mzee si mwongo. Macho yake yamekufa, maskini. Tumhurumie."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamwona mdogo wangu anavimba shingo.

"Yamekufa ya nani? Makundi kwa makundi nimewaona! Kila asubuhi, kushoto kwa meli, na watoto wao! Yule msimamizi pale ndiye aliyenikataza kusema!"

Wakili wa kampuni akafunika uso. Jaji akasimamisha mishindo siku hiyohiyo. Kampuni nayo ikasema imesikitika sana kwamba haikuambiwa mapema. Haya, pole yao.

Darubini akafukuzwa palepale ngazini. Tulipofika mlangoni kwao, wifi akamgeukia.

"Kwa hiyo pomboo wamekufa umenyamaza, umeambiwa huoni ndiyo ukasema?"

"Sasa ulitaka niitwe kipofu mbele za watu?"

Wifi akamtazama, kisha akaenda zake kukaa kwenye cherehani.