Boksi Lenye Tumbo la Boti

Kaka yangu alikuwa fundi wa boti za mbao pale Kibirizi, kando ya ziwa, nami, mdogo wake wa kike, nilikuwa natengeneza redio katika kibanda changu cha Gungu. Nilikuwa na hamu moja iliyonikaa muda mrefu: kuunda spika ambayo mtu akisikika ndani yake, msikilizaji ageuke kumtafuta. Mjini kwetu spika nzuri ni ile inayotikisa mabati. Harusi ikifanyika Buzebazeba, besi inakufika kifuani kabla hujajua wimbo wenyewe ni upi, na maneno ya mwimbaji yanamezwa yote.

Niliunda maboksi ya majaribio, moja baada ya jingine. Sauti ya mtu ilitoka kama ya aliyeingiza kichwa kwenye pipa. Nikajaza sufi ndani, nikafupisha bomba la kutolea upepo, nikabadilisha sumaku. Pipa likabaki pipa.

Jioni moja kaka alipita kibandani. Nikamwamkia, akaitikia huku ameshaweka kiganja ubavuni mwa boksi.

"Mdogo wangu, ubao wako unacheza."

"Mbona nimeweka mnene?"

"Unene si hoja. Ni ubapa huu. Bapa likipigwa na wimbi linatetemeka lote. Unadhani boti tunaipa tumbo kwa urembo?"

Basi tukaanza upya. Tulizifukiza mbao nyembamba kwa mvuke wa sufuria la shughuli, tukazikunja, tukazigandisha kwa gundi moja juu ya nyingine na kuzifunga kwa kamba hadi zikauke. Ndani kaka akaweka mbavu ndogo, kama anazoweka kwenye boti. Majirani walipita wakiuliza tunavua nini.

Siku ya kulijaribu, yeye alibaki uani na maikrofoni, mimi nikakaa ndani na kufunga mlango. Alitangaza bei ya dagaa kama wachuuzi wa Ujiji, akakohoa, kisha akasema "Mwakeye!" kwa Kiha, vile vile alivyokuwa akisalimia marehemu bibi yetu. Nikageuka kumwitikia. Pembeni yangu palikuwa na boksi tu. Nilicheka mpaka akaja kugonga mlango kuuliza kimeharibika nini.

Haukupita muda kaka akaitwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, kuunda boti kubwa ya mizigo. Alikuwa amekwisha kukunja mbao za boksi la pili. Akazifunga na kuziegemeza ukutani kwangu.

"Nikimaliza tu narudi tuliunganishe," alisema. "Spika moja ni yatima."

Masika yakapita, yakaja mengine. Alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, kila mara akisema boti imebaki kidogo. Kwenye simu sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mdudu, haikunishibisha. Nilifagia karibu na zile mbao bila kuzisogeza.

Asubuhi moja nikaiunganisha simu na spika yetu. Akaja mzima mzima, pumzi na yote. Nyuma yake tezo ilikuwa ikichonga mbao. Kisha mwanamke akamwita kwa mbali, naye akageuka akajibu, "Ndiyo, mama, niko nakuya," kwa Kiswahili cha kule, akacheka. Kile kicheko nilikijua. Ni cha mtu aliye kwake.

Nikamrekodia: "Kaka, umeoa?"

Jibu lilichelewa hadi mchana. "Nilitaka nije nikueleze ana kwa ana. Tuna mtoto, anakaribia kutembea. Anafanana na wewe, anafungua kila kitu." Kisha akaongeza, "Mdogo wangu, usinisubiri. Boksi la pili utaliweza."

Niliona furaha na uchungu kwa pamoja, sikujua nianze na kipi. Siku hiyo sikumtengenezea mtu redio.

Baadaye nilizifungua zile mbao. Moja ilipasuka mkononi, nikakunja nyingine mwenyewe. Boksi langu lilitoka na tumbo dogo kuliko lake, na nilihangaika sana na bomba la upepo hadi sauti za maboksi yote mawili zikaelewana. Mwalimu wa kwaya ya akina mama alipozisikia spika hizo, aliziomba kwa ibada. Nilikaa kiti cha nyuma. Wale akina mama waliimba, na kwa mara ya kwanza nikaweza kumtambua kila mmoja wao nikiwa nimefumba macho. Mwalimu alipotoka alinishika mikono miwili, akasema ameyasikia maneno yote.

Nilimtumia kaka rekodi. Akajibu, "Simu yangu inakata sauti za chini. Hizi mpaka nije mwenyewe."

Sasa boti za Kongo zinapofunga gati Kibirizi, mara nyingi najikuta huko, nikitazama wanaoshuka. Watu wakiniuliza, nasema natafuta mbao. Muuza mbao mmoja hunicheka. "Mama, mbao ziko huku," ananiambia, na mimi namwambia nakuja.